Kohoa Kwanza, Ndipo Useme

Mume wangu sikumpenda kwa sura, maana sura yake sikuijua. Nilimpenda akiwa vipande vipande: neno moja linafika, jingine linapotea njiani, na hilo lililofika linasikika kama la mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Anayedhani natania hakuwahi kufanya kazi Ifakara mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ofisi yenye dishi juu ya bati na simu ndani ya kompyuta.

Ofisi ilikuwa ya mradi wa mpunga. Makao makuu yako Dar es Salaam, sisi ni kituo tu, na mimi ndiye katibu muhtasi. Ile simu ya kompyuta ilipoletwa, mkuu wa kituo alitafuta mtu mwenye subira wa kuiangalia, akamkosa, akanipa mimi. Subira sina mpaka leo. Nilichokuwa nacho ni masikio mazuri na mdomo usiomwogopa mtu, na kumbe kazi yenyewe ilitaka hivyo hivyo.

Simu ya kawaida ya kwenda Dar ilikuwa ghali na siku nyingi haikushika. Hii mpya ilipitia kwenye intaneti, na tukaambiwa ongeeni mnavyotaka. Jamani, tusingeambiwa hivyo! Watu ambao hawakuwa na la kusema na Dar tangu waajiriwe wakawa na maneno. Shida ni kwamba njia yetu ya kwenda huko angani ilikuwa nyembamba, na kila kitu kilipita humo humo: imeili, picha, sauti za watu. Mtaalamu wetu wa wadudu akituma picha ya kiwavi mmoja, mkurugenzi aliyekuwa anaongea toka Dar anageuka kigugumizi, kisha bubu. Hapo mimi natoka na viatu vyangu vya visigino, korido nzima inanisikia, nafungua mlango mmoja baada ya mwingine nikiuliza ni nani anatuma mzigo. Mtaalamu wa wadudu alikuwa mbishi. Siku moja nikachomoa waya wake, nikautia kwenye mkoba wangu, nikaenda nao kula. Akaenda kunishtaki kwa bosi. Bahati yangu bosi alikuwa kwenye simu na Dar, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa anasikia kila neno. Alimpungia mkono atoke.

Mashine yenyewe ilikuwa na sauti za kuchagua, nono na nyembamba. Ile nono ilitaka njia yote iwe yake. Ukiichagua unasikika safi kama uko chumba cha pili, halafu puu, kimya. Nyembamba ilipita vizuri, ila kila mtu alisikika ana mafua. Tukabaki na mafua.

Halafu ilikuwa haiwezi kuongea na kusikiliza kwa pamoja. Kipaza sauti chetu kililala mpaka kisikie kelele. Kikisikia kinaamka, na kikishaamka kwetu, wa Dar wanafungwa mdomo. Sasa niambie, masika yakiingia Ifakara ni nani mwenye kelele kuliko wote? Vyura. Ofisi ilipakana na majaruba ya mpunga, na vyura wakianza, kipaza sauti kinaamka chenyewe na Dar nzima inasikiliza vyura. Mkurugenzi akauliza ni mtambo gani ule tunaouendesha ofisini. Nikamjibu kwamba ni wenyeji wa hapa, na hao hatuwezi kuwapunguza kazini.

Upande wa Dar simu hiyo ilikuwa chini ya kijana mmoja fundi. Ndiye aliyenifundisha dawa ya vyura. Kwenye skrini kulikuwa na kitufe cha kuvuta kwa mausi, cha kuamua kipaza sauti kiamshwe na kelele kubwa kiasi gani. Akaniambia nikipandishe taratibu mpaka vyura wasisikike. Nikapandisha, yeye akisikiliza kule, na kweli vyura wakanyamaza. Tukapongezana.

Hatukujua tumefanya nini. Kipaza sauti kilikuwa kimekuwa kizito cha kuamka hata kwa watu. Mtu akianza kusema, mpaka chenyewe kistuke, silabi ya kwanza imeshaliwa. Na Kiswahili chetu kukataa kwake kuko wapi? Si hapo hapo mwanzoni! Sema "hatutakuja", ondoa hiyo "ha", uone kinachobaki. Mashine ilikuwa imegeuza kila kukataa kwetu kuwa ahadi.

Tuligundua kwa magunia. Bosi aliulizwa na Dar kuhusu magunia matupu ya mavuno, naye akajibu kwa sauti yake ya ukubwa, "Hatutahitaji magunia." Aliyasema nikiwa nimesimama pale mlangoni. Siku chache baadaye likaingia lori limeloa tope toka Mkula mpaka kwetu, limejaa magunia, dereva amenuna, na barua ya kutupongeza kwa kutarajia mavuno makubwa. Bosi alinigeukia kana kwamba nimeyashona mimi. Nikarudi kwenye mashine, nikampigia fundi wa Dar, tukajaribu neno moja moja kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nasema "hatutaki", yeye ananiambia kilichofika, mpaka tukamshika mwizi.

Kushusha kitufe hatukuweza, vyura wangerudi. Ndipo nikatunga sheria. Nikaandika kwa kalamu nene, nikabandika ukutani juu ya kompyuta: KOHOA KWANZA, NDIPO USEME. Ukikohoa, kipaza sauti kinaamka. Kikishaamka, "ha" yako inapita salama. Ilifanya kazi vizuri mno. Tatizo ni kwamba ofisi nzima ikazoea. Watu walikohoa kwenye vikao, kwenye chai, wakisalimiana getini. Mgeni mmoja toka wilayani alinivuta pembeni akaniuliza kwa huruma kama wote tumepimwa vifua. Mimi nikapachikwa jina la utani ambalo sitalitaja hapa, linahusu makohozi.

Baadaye kikohozi kikapata maana yake. Mwenye kukubali alikuwa hana haja ya kukohoa, maana "tutakuja" hata ikikatwa kidogo inaeleweka. Aliyekohoa ni yule mwenye "ha" mdomoni. Kwa hiyo ukimwomba mwenzako baiskeli akakohoa, ulianza kutembea kwa miguu bila kungoja maelezo. Bosi alikiri kwamba hata nyumbani alikohoa kabla ya kumwambia mkewe hatakula.

Sasa nirudi kwa fundi wangu. Kila asubuhi tulitakiwa kupima sauti kabla wakubwa hawajaanza kuongea. Moja, mbili, tatu, unanisikia? Nakusikia, dada, ila kama uko kisimani. Na sasa? Sasa umetoka kisimani, uko jikoni. Kazi ya dakika chache. Lakini sisi vipimo vyetu vikaanza kurefuka. Akaniuliza nimekula nini, ili apime herufi ngumu. Nikamwimbia wimbo wa kwaya yetu ya parokia, ili nipime sauti nyororo. Tukagundua makosa ya kiufundi ambayo hayakuwepo na hayakutaka kupona. Bosi akasema ile mashine inapimwa kuliko mgonjwa. Nikamjibu bila haya kwamba ndiyo sababu haifi.

Nilijua ameinua soda kwa jinsi anavyonyamaza, na amekasirika kwa jinsi anavyosema "sawa". Picha hatukutumiana. Picha ingekula njia, na mimi niliyemchomolea mtaalamu waya ningeanzaje kupokea picha ya mwanamume? Basi siku moja, katikati ya moja mbili tatu, akaniuliza kama akituma wazee kwetu nitakubali. Halafu akanyamaza kabisa. Nilijua anachosikilizia: kikohozi. Sikukohoa. Nikasema, "Nitakubali."

Mtihani ulikuwa baba. Yeye alikaa Idete, anajilimia mpunga na mahindi yake. Mama alikuwa amefariki, kaka zangu wako Kidatu kwenye miwa, na mimi ndiye niliyekuwa naenda kila Jumapili baada ya misa kumpikia na kugombana naye. Tulipendana kwa kugombana. Nilipomwambia kuna kijana, akauliza ni wa nani. Nikasema kwao ni Songea ila wamehamia Dar, Wakatoliki, yeye ni fundi. Akauliza nimemwona wapi. Nikasema sijamwona.

Baba aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo anayetaka kukuoa ni sauti," akasema, akaendelea kula.

Baba mdogo wa kijana, ndiye aliyekuwa msemaji wao, hakutaka kuzoa ukoo mzima kuja huku na barua ya posa bila kujua kama wakija watapewa hata kiti. Masika yalikuwa yameharibu barabara, na mtu hasafiri na tope lile kwa kubahatisha. Fundi wangu akapata wazo: baba mdogo aje ofisini Dar, baba yangu aje ofisini Ifakara, wazee waongee. Bosi akaruhusu, tena akaamuru hata mtaalamu wa wadudu asiguse kompyuta asubuhi hiyo. Njia nzima iwe ya wazee.

Baba alikuja na shati lake la kanisani, baiskeli ameisukuma zaidi ya kuipanda. Nikamkalisha, nikamvalisha hedifoni, nikamweleza sheria. "Baba, kila ukitaka kusema, kohoa kwanza."

"Siumwi."

Nikamwambia najua haumwi, ni mashine inameza maneno. Akanitazama kama vile nimemwambia avue viatu mbele ya askofu. Akohoe masikioni mwa watu asiowajua, tena wamekuja kwa adabu kuomba mtoto? Adabu gani hiyo nimejifunza huku mjini? Nikambembeleza, nikamwonyesha karatasi ukutani, akasema karatasi naiona, kusoma najua, kukohoa sikohoi. Dar walikuwa wameshafika hewani. Nikarudi nyuma nikasimama mlangoni.

Baba yangu huongea polepole. Anasema sentensi, anaiacha itue, ndipo analeta nyingine, na katikati hapo hata kipaza sauti chepesi kingelala usingizi. Kwa kuwa hedifoni zilikuwa masikioni mwake, mimi nilisikia upande wake tu. Nilisikia salamu. Nilimsikia akiguna kukubali kwamba amesikia ombi lao. Kisha akanyamaza, akasema taratibu, "Hatutawapokea." Akanyamaza tena. "Hatutamtoa binti yetu." Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema naam, naam, Mungu awabariki, akavua hedifoni.

Nililia. Sitaki kujifanya nilikuwa jasiri. Niliingia stoo ya magunia yale yale nikalia mpaka nikapiga chafya. Nilipotoka, baba alikuwa anakunywa chai ya bosi, ana uso wa mtu aliyeshangazwa na dunia. Akaniambia watu wangu wale wana adabu sana. Amewakatalia, wao wakamshukuru. Wamemshukuru tena na tena, na mmoja alisikika nyuma akipiga vigelegele vya kuaga. Watu wa Dar wamelelewa vizuri, akasema, bahati mbaya ameshakataa.

Hasira zilikuwa zimenijaa, akili ikachelewa kufika. Nilielewa asubuhi iliyofuata, fundi wangu alipokuja hewani anapayuka kwa furaha, hata moja mbili tatu amesahau. Mzee amekubali! Kasema kwa kinywa chake, tutawapokea, tutamtoa binti yetu! Baba mdogo ameshawatangazia ndugu, shangazi zake wameshachagua vitenge, wanangoja barabara ikauke tu.

Haki ya Mungu, nilicheka. Nilicheka nikiwa nimeshika kichwa. Kisha nikanyamaza, maana alikuwa anangoja nifurahi. Ningeweza kufurahi. Ni yeye na mimi tu tulioijua ile mashine, na yeye kwa furaha yake alikuwa ameisahau. Nikamwambia, "Baba hakukohoa."

Upande wa Dar ukawa kimya. Nikadhani njia imekatika, nikatazama skrini: njia ilikuwa wazi, safi, hakuna hata kiwavi mmoja anayepita. Alikuwa yupo, ananyamaza. Mwishowe akasema kwa ile sauti yake ya mafua, "Tutakuja hivyo hivyo. Anikatae ananiona."

Baba mdogo hakuambiwa. Angeambiwa asingekuja, na hilo nawaachia wenyewe. Lakini baba yangu nilimwambia, Jumapili ile ile, moja kwa moja kabla hata ya kuwasha moto. Alikataa kuamini. Mashine gani inachagua neno la mtu mzima na kulila? Mbona haikula "Mungu awabariki"? Nikaeleza mpaka nikachoka. Alipoelewa, alikasirika kweli, si ule ugomvi wetu wa kila siku. Akasema waje basi. Neno lake atawarudishia pale pale uani kwake, ambapo hakuna kompyuta wala chura wa kusingiziwa.

Nikamuuliza, kwani ana ubaya gani huyo mtu? Hapo ndipo aliponijibu, amegeukia upande wa shamba. "Wewe ulipata sauti, ukaifanya mtu. Mimi nina mtu, wanataka kunibakizia sauti."

Niliwasha moto, nikapika, tukala. Nilimpenda baba yangu kiasi kwamba kesho yake ningeweza kumwambia fundi asije. Lakini nilimtaka na fundi. Nilikuwa na vyote viwili kifuani na havikukaa pamoja.

Walikuja mpunga ulipoanza kuiva. Basi likawaleta mpaka Ifakara, na bosi, ambaye kwa hamu ya kujua mwisho wa jambo asingekaa ofisini, akatoa gari la mradi na yeye mwenyewe akaingia mbele. Mimi niliwangojea Idete na ndugu zetu. Gari likazama kwenye tope karibu na nyumbani. Likasukumwa. Tulisikia injini inalia, watu wanahesabiana, kisha wakatokea kwa miguu: bosi msafi, baba mdogo na suti iliyochafuka magotini, shangazi wawili wameshika viatu, na nyuma yao kitu kirefu cha tope chenye macho. Huyo ndiye aliyesukuma akiwa nyuma ya gurudumu.

Siku zote zile nimengojea kuiona sura, nikaletewa udongo wa bonde! Kile kitu kikasimama mbele yangu, kikasema, "Unanisikia?"

Nikamjibu, "Sasa hivi vizuri." Ilikuwa sauti nono, haina mafua. Sikuwa tayari kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Wakakaribishwa viti. Baba mdogo akasimama, akaanza kumshukuru baba kwa lile jibu lake la hekima kwenye simu, jinsi lilivyowapa nguvu. Ndugu zetu wakatazamana, maana wao walijua baba amekataa. Baba aliketi tu, mikono magotini. Kabla baba mdogo hajafika mbali, kijana akaomba ruhusa, akapiga goti na tope lake.

"Shikamoo, baba. Mimi najua ulitukataa. Neno lako liliharibikia kwenye mashine, na mashine ile ni kazi yangu. Nimekuja ulirudie, nalisikiliza."

Baba mdogo alikaa chini mwenyewe, bila kuambiwa. Shangazi mmoja akasema "mama yangu" kwa sauti ndogo. Baba yangu akamtazama yule kijana muda mrefu, akaniagiza nilete maji. Nikamwagia kijana maji mikononi, akanawa uso pale pale mbele ya watu wote, na mimi na baba tukaiona ile sura kwa mara ya kwanza, pamoja. Ilikuwa sura ya kawaida. Masikio makubwa. Nikaipenda, basi.

Baba akasimama. Akavuta pumzi. Halafu akakohoa, kikohozi kikubwa cha kutoka chini kabisa, kikasikika mpaka kwa jirani.

Nilimwona bosi akifumba macho. Kijana akainamisha kichwa. Sisi watatu tulijua lugha ile, wala hatukuhitaji kungoja maneno. Kata ya maji ikanidondoka.

"Tutamtoa," baba akasema.

Alisema na mengine: kwamba mtu anayekuja kukataliwa kwa miguu yake, kwenye tope, huyo ana uso hata kabla hajanawa. Vigelegele vikafunika yaliyobaki. Mimi nilikuwa sijaelewa. Nilimfuata jikoni alikojificha kufuta macho, nikamshika mkono, nikamuuliza kama ni kunikomoa tu, kwani alikohoa ya nini na jibu lenyewe lilikuwa la kukubali.

"Nilikuwa na 'ha' kooni, mama," akasema. "Nimeikohoa ikatoka."